Njia panda ya mtaani Chikongola: tuanze na zebra, tuta au kitu gani?

Mkazi wa Chikongola

Wakuu, habarini. Naomba msaada wa wanaojua barabara za mtaani. Hapa Mtwara mjini tuna njia panda ambapo barabara ya lami yenye upana wa mita 6 inapokea barabara ya mchanga kutoka ndani ya mtaa, yenye upana wa mita 5. Kona zake ni pana sana, kwa hiyo bodaboda na bajaji zinaingia mtaani bila kupunguza mwendo. Kwenye kona moja kuna genge na uzio wa miti. Mtaro uko wazi, hivyo watu wanatembea juu ya lami. Kuanzia saa 12:30 asubuhi wanafunzi huvuka hapo kwa makundi, na msimu wa korosho malori huongezeka.

Kikao cha mtaa kinataka kuchangisha. Wapo wanaosema tuchore zebra, wapo wanaosema tumwage tuta la zege wenyewe. Kipi kitangulie, na vipimo vyake ni vipi?

Kipimo

Mkuu, zebra isitangulie. Mistari mieupe haimpunguzii mtu mwendo. Inamfanya mtoto aamini gari litasimama, na dereva anayekuja na kilomita 50 kwa saa hana nafasi ya kusimama hata akitaka. Kwenye lami kavu, ukiweka sekunde moja ya kushtuka, gari la mwendo wa kilomita 30 kwa saa linasimama ndani ya mita 13 hivi. La 50 linahitaji mita 28. Kwa hiyo kwanza umbo la njia panda limlazimishe dereva apunguze, kisha aonekane anayevuka, ndipo uchore.

Anza na kona. Kama nusu kipenyo cha kona ni mita 8 kila upande, mdomo wa hiyo barabara yenu ya mita 5 unafika mita 21 pale unapogusa lami. Mtoto anavuka mita 21 badala ya 5! Ukibana kona hadi mita 3, mdomo unakuwa mita 11, na anayekata kona kushoto hawezi tena kuipita kwa kasi. Anayekata kulia naye anazoea kupita kimshazari juu ya upande usio wake. Kona ikibanwa, na mstari wa katikati ukichorwa mita 6 za mwanzo ndani ya mtaa, atalazimika kuzunguka vizuri.

Kabla ya kumwaga zege, ichoreni kona mpya kwa chokaa, kisha mleteni dereva wa gari la taka au la maji machafu apite polepole. Tairi la nyuma likikanyaga ndani ya mstari, ongezeni nusu mita, jaribuni tena. Mkishapata umbo sahihi, kwa muda tumieni matairi chakavu yaliyofukiwa nusu na kupakwa rangi nyeupe, yakiachana nusu mita. Msiweke mawe makubwa wala vipande vya nondo. Bodaboda akivigonga usiku, mmetengeneza ajali nyingine.

Hilo genge msilifukuze, lisogezeni. Sisi tunaendesha kushoto, hivyo anayesimama ukingoni kuvuka, magari ya karibu yake yanatokea kulia. Kinachomziba ni kilichoko kuliani kwake. Mwelewane na mwenye genge ahamie upande wa kushoto wa kivuko, umbali wa mita 10 hivi, na wateja wake hawatapotea. Uzio ukatwe ubaki chini ya sentimita 60 pale konani, na matawi ya juu yaanzie mita 2 na zaidi.

Namna ya kupima: mtu achuchumae barabarani macho yakiwa usawa wa mita 1 hivi kutoka chini, kama dereva wa gari dogo. Mwingine asimame ukingoni na fimbo ya mita 1.1, ndiyo kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Ncha ya fimbo ionekane kutoka mita 25 kama magari yanakwenda 30, au mita 45 kama yanakwenda 50.

Fundi Zege

Nakubaliana na Kipimo. Niongeze kuhusu tuta, maana huko ndiko pesa za wananchi hupotea.

Tuta la mtaani lile la upana wa sentimita 40 na urefu wa kwenda juu sentimita 15 ni baya. Gari likija kasi, springi zinalimeza na dereva hasikii kitu, wakati anayekuja taratibu ndiye anayegonga chini. Bodaboda anakwepa pembeni, palepale wanapotembea watu. Tuta la mviringo linalofaa kwa mwendo wa 30 ni upana wa mita 3.7 kufuata mwelekeo wa gari, na sentimita 10 juu katikati. Kwa barabara ya mita 6 hiyo ni kama mita za ujazo 1.5 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto) andaa mifuko 12 ya saruji ya kilo 50.

Kwenu ningependekeza tuta bapa, lenye kivuko juu yake: sentimita 10 juu, sehemu bapa mita 4, miteremko ya mita 1.2 kila upande. Zege inakuwa mara mbili, karibu mita za ujazo 3.1, lakini mtu anavuka akiwa ameinuliwa na dereva anamwona.

Mahali linapoharibikia ni kwenye kingo. Ukimwaga zege nyembamba juu ya lami, ncha zinamenyeka mapema na kuacha shimo. Kata lami mfereji wa sentimita 5 kwenda chini pale mteremko unapoanzia, ili zege ishike. Kisha mwagilia siku 7, njia ikiwa imefungwa nusu nusu. Pembeni acha sentimita 20 maji yapite, na uweke kinguzo kila upande ili pikipiki isiifanye njia. Na tuta lisilo na alama ya tahadhari kabla yake, hata likiwa na vipimo sahihi, ni mtego.

Mchanga wa Pwani

Mmesahau mchanga. Ardhi yetu ya Mtwara ni kichanga, na mvua zikianza barabara ya ndani inautapika wote juu ya lami, palepale konani. Breki za pikipiki hazishiki. Sakafieni mita 10 hadi 15 za mwanzo za hiyo barabara ya ndani, kwa zege au kwa mawe yaliyopangwa, na maji yaelekezwe mtaroni kabla hayajafika lami.

Mtaro wenyewe ufunikwe kwa mifuniko ya zege yenye nondo. Kila mfuniko uweze kunyanyuliwa na watu wawili, la sivyo hautasafishwa na maji yatarudi barabarani. Hapo mnapata njia ya kutembea, mita 1.5 inatosha watu wawili kupishana. Penye ukingo wa sentimita 15, mteremko uwe na urefu wa mita 1.8, ili kiti cha magurudumu kiweze kupanda.

Rangi ya ukutani hapana, inateleza ikilowa na inafutika haraka. Zebra ya mita 3 kwenye barabara ya mita 6, mistari ya sentimita 50 kwa 50, ni mita za mraba 9. Lita 4 za rangi ya barabarani, na shanga za kioo kilo 3 hadi 4 zinyunyizwe rangi ikiwa mbichi, ndizo zinazong'aa usiku. Fagieni mchanga na lami ikauke kabisa kwanza.

Mkazi wa Chikongola

Asanteni sana wakuu. Je, mtaa unaruhusiwa kufanya haya bila kibali?

Kipimo

Hapana. Kusafisha, kukata uzio na kuhamisha genge mnaweza kupitia serikali ya mtaa. Chochote kinachowekwa barabarani, hata matairi, kinahitaji kibali cha TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kama ni barabara ya mtaa. Ingekuwa barabara kuu, kama ile inayopita Mikindani, ni TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa). Pelekeni mhtasari wa kikao wenye sahihi za mwenyekiti na mtendaji, mchoro wenye vipimo, na idadi ya wavukaji kwa kila dakika 15 kati ya saa 12:30 na saa 2 asubuhi.

Mwendo mtaupima kwa simu. Wekeni alama mbili za chokaa zenye umbali wa mita 50. Gari likitumia sekunde 6 lilikuwa na 30, sekunde 4.5 ni 40, sekunde 3.6 ni 50. Pimeni vyombo 100, vipangeni kuanzia cha polepole, na andikeni mwendo wa cha 85. Namba hiyo ndiyo mhandisi ataiangalia kwanza. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na mipango hukusanywa miezi mingi kabla, hivyo hesabu hiyo ifanyeni siku za shule, sasa, msisubiri korosho.