Mjadala: Je, marubani wa ndege za abiria waruhusiwe kurusha hadi miaka 67?

Mwanzilishi wa mjadala, Entebbe

Ndugu wasomaji, naleta suala ambalo hurudi kila baada ya miaka michache, na kila linaporudi huamuliwa mbali nasi, kisha sisi huletewa majibu. Katika Mkutano Mkuu wa 42 wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, uliofanyika Montreal mwezi Septemba na Oktoba 2025, chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kilipendekeza ukomo wa umri wa marubani wa safari za kimataifa za abiria upandishwe kutoka miaka 65 hadi 67, mradi mmoja wa wawili walio katika chumba cha marubani awe chini ya 65. Pendekezo halikupita. Marekani nako Baraza la Wawakilishi lilikubali miaka 67 mwaka 2023, lakini sheria iliyotiwa saini Mei 2024 ikabaki na 65. Wanaolitaka jambo hili hawajakata tamaa, kwa hiyo litarudi, na ningependa lirudi likitukuta tumeshalizungumza.

Kwa asiyefuatilia, Marekani iliweka ukomo wa miaka 60 mwaka 1960, ukadumu huko hadi Desemba 2007. ICAO ilikuwa imetangulia kupandisha hadi 65 mnamo Novemba 2006, kwa sharti kwamba rubani akishavuka 60 mwenzake awe hajafika umri huo, na sharti hilo likaondolewa mwaka 2014. Rubani anayesafirisha abiria peke yake bila mwenzake, ukomo wake wa kimataifa umebaki 60.

Wapo watakaosema Uganda ijiamulie. Inaweza, lakini itafaidika kidogo sana. Chini ya Mkataba wa Chicago, ambao ndio msingi wa sheria za usafiri wa anga wa kimataifa, leseni ambayo haikutimiza viwango vya kimataifa haimvushi rubani mpaka bila idhini ya nchi anayoingia. Kapteni wetu wa miaka 66 angeweza kurusha kutoka Entebbe hadi Arua, lakini Nairobi angehitaji ruhusa ya Kenya, Mumbai ruhusa ya India, na London ruhusa ya Uingereza. Shirika letu la taifa linaishi kwa safari za nje. Hivyo swali la kweli kwetu ni hili: siku jambo litakaporudi Montreal, mjumbe wa Uganda aseme nini?

Naomba jambo moja kabla hatujaendelea. Katika nchi yetu maneno "ukomo wa umri" humkumbusha kila mtu Bunge la mwaka 2017 na ukomo wa miaka 75 ulioondolewa kwa wagombea urais. Mjadala huo una mahali pake. Hapa tuzungumzie ndege.

Mimi nilikuwa fundi wa ndege, na ninasema tusikubali 67 kwa sasa. Sababu yangu si moyo wa mzee. Moyo unapimika: rubani aliyevuka 60 huchunguzwa afya kila miezi 6, na madaktari wa urubani wana kipimo chao mashuhuri, kwamba hatari ya kuzidiwa ghafla isizidi asilimia 1 kwa mwaka, kwa kuwa yuko rubani wa pili wa kushika usukani. Ninachokiogopa ni kile kinachopungua polepole, ambacho mwenyewe hakihisi, na ambacho wa kwanza kukiona ni kijana aliyekaa kiti cha kulia, yaani rubani msaidizi. Je, kijana huyo atasema?

Alfajiri moja, kabla jua halijatoka juu ya ziwa, nilikuwa chini ya bawa nikimngoja kapteni mmoja amalize kuizunguka ndege yake. Alikuwa mtu makini, tuliyemheshimu wote. Kila tairi alilipiga tochi na kulikagua. Akapita mbele ya pua ya ndege, akaenda zake. Kifuniko chekundu kilikuwa bado kimevalishwa kwenye mrija unaopima mwendo wa hewa, na utepe wake ukipepea. Rubani msaidizi alikuwa nyuma yake hatua tatu. Nikaona macho yake yakitua pale, yakainuka kumtazama mkubwa wake, kisha yakashuka chini. Nikakivua mimi. Baadaye nilimwuliza kwa nini alinyamaza, akanijibu, "Mzee angeona namfundisha kazi." Ndege ile ingepaa na kile kifuniko, kipimo kinachotegemea mrija ule kingeonyesha mwendo wa uongo.

Wazee wenzangu wanaikumbuka tarehe 17 Oktoba 1988, ndege yetu ya Boeing 707 ilipoanguka Roma ikijaribu kutua katika ukungu. Watu 33 kati ya 52 walikufa. Wachunguzi walitaja maandalizi duni ya namna ile ya kutua, uratibu hafifu baina ya marubani, na kutotajwa kwa kimo ndege ilipokuwa ikishuka. Sisemi lilikuwa jambo la umri. Nasema tumeshazika watu kwa sababu ya maneno ambayo hayakusemwa ndani ya chumba cha marubani, na kwamba kadiri tofauti ya umri inavyopanuka kati ya viti viwili, ndivyo maneno hayo yanavyozidi kuwa mazito kutamka.

Mchangiaji wa pili, Mukono

Mzee wangu, nakusalimu kwa heshima, na nitakupinga kwa heshima hiyo hiyo.

Baba yangu alirusha ndege karibu miaka 40, nchini na kwa mashirika ya nje. Wiki sita kabla ya kutimiza miaka 65 alipita uchunguzi wa afya bila doa, na mwezi huo huo akapita mtihani wa simuleta, ile mashine inayoiga ndege, mtihani ambao kila rubani wa ndege za abiria hufanya mara mbili kwa mwaka. Siku ya kuzaliwa kwake ilipofika, yote hayo hayakuwa na maana tena. Sasa ana shamba la kahawa, na mpaka leo huamka saa tisa usiku, akatoka nje na shuka begani, akatazama mawingu upande wa ziwa. Akirudi ndani humwambia mama, "Leo Entebbe watazunguka kwanza." Mara nyingi huwa hakosei. Radi za alfajiri juu ya Ziwa Viktoria ni elimu isiyopatikana darasani, nasi tumeiweka kwenye shamba la kahawa.

Umetaja moyo kisha ukaupita haraka, mimi nitaukalia kidogo, maana huko ndiko watu wengi huanzia hofu yao. Juni 2009 kapteni wa miaka 60 alifariki angani kati ya Brussels na Newark akiwa na abiria 247. Wenzake wakaitua ndege salama. Oktoba 2024 kapteni wa Turkish Airlines aliyetoka Seattle kwenda Istanbul alifariki akiwa na miaka 59, na ndege ikatua New York salama. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefika 65. Mauti hayakungoja ukomo, na mfumo wa marubani wawili ulifanya kazi uliyowekewa. Japani imeruhusu miaka 67 tangu mwaka 2015, na ndege zake hazianguki kwa uzee. Hapa kwetu jaji wa Mahakama ya Juu huketi hadi miaka 70 akiamua mambo ya uhai na uhuru wa watu, wala hatusemi akili yake imechakaa.

Tena, watu wanapotaka mfano wa uzoefu kuokoa roho, humtaja Chesley Sullenberger aliyeiteremsha ndege mtoni Hudson Januari 2009 na watu wote 155 wakatoka hai, au Al Haynes aliyeifikisha Sioux City mwaka 1989 ndege iliyopoteza mifumo yake yote ya haidroliki. Ni watu wenye mvi, mzee wangu.

Na habari ya kifuniko chekundu ni ya malezi ya kazini. Kijana yule angenyamaza hata mbele ya kapteni wa miaka 45, kwa sababu alifundishwa hivyo tangu nyumbani. Mfundisheni kusema. Msimfukuze baba yangu kwa sababu mtoto wa mwenzie ameshindwa kufungua mdomo.

Mchangiaji wa tatu, Soroti

Mimi ndiye huyo kijana, au nitakuwa yeye Mungu akijalia. Nimemaliza mafunzo katika chuo chetu cha urubani hapa Soroti, na kitabu changu cha saa za kuruka kina saa chache kuliko zile ambazo baba yake dada alirusha katika mwaka mmoja.

Nianze na jambo linalosemwa pembeni, kwamba vijana tunapinga 67 kwa sababu tunataka viti. Ni kweli kwa sehemu, na sioni aibu kulikiri. Shirika letu la taifa lilifungwa mwaka 2001 na kurudi angani Agosti 2019. Kwa miaka 18 hiyo halikumlea rubani hata mmoja, na waliokuwapo walitawanyika. Ndiyo maana leo makapteni wazawa wa umri wa kati ni wachache. Anayesema 67 itaziba pengo hilo namwelewa, lakini miaka miwili itaisha, na pengo tutalikuta pale pale, kwa sababu mtu wa kulijaza atakuwa bado anangoja zamu.

Lakini nilichotaka hasa kusema ni kuhusu kunyamaza. Katika zoezi moja mwalimu wangu, mtu wa umri wa babu yangu, aliiacha ndege ishuke chini ya kimo tulichopangiwa, kwa makusudi, kunipima. Niliona mshale ukishuka. Nilijua sheria, nilijua maneno ya kutumia, nilikuwa nimeyaandika kwa mkono katika daftari langu usiku uliotangulia. Tulishuka futi 200 kabla sijafungua kinywa, na nilipokifungua nilianza na "Samahani, mzee." Mwalimu hakukasirika. Aliniambia tu nihesabu ni sekunde ngapi nilizitumia kuomba samahani.

Kwa hiyo, dada, tunafundishwa kusema. Ila somo hilo linapigana na miaka 20 ya adabu, na adabu inashinda mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Mwanzilishi wa mjadala, Entebbe

Nimesoma, na kijana wa Soroti amesema waziwazi jambo ambalo mimi nimelizunguka.

Binti yangu, nakubali bila kusita kwamba moyo hautoshi kuwa sababu, na mifano yako miwili ni mizuri. Nakubali pia kwamba kuna ukatili katika kumpima mtu, ukamwona mzima, kisha ukamwondoa kwa sababu ya tarehe. Lakini mfano wa jaji siupokei. Jaji hupewa wiki na miezi ya kuwaza, huketi na wenzake, na akichoka huahirisha kesi. Linganisha na kazi ya sekunde: Marekani huwastaafisha waongoza ndege wa serikali wakiwa na miaka 56 tu, na hao wameketi chini penye usalama.

Sullenberger siku ile alikuwa na miaka 57. Haynes naye alikuwa na miaka 57. Wote wawili walikuwa ndani ya ule ukomo wa zamani wa 60, kwa hiyo wanathibitisha thamani ya uzoefu, jambo ambalo hakuna anayelipinga, bila kutuambia lolote juu ya miaka 67. Na Haynes mwenyewe hakuiongoza ndege ile peke yake: walikuwa wanne mle ndani, kila mmoja akisema anachokiona, mmoja wao mwalimu wa urubani aliyekuwa abiria tu akaja mbele kusaidia. Abiria wengi walikufa, lakini zaidi ya nusu waliokoka kwa sababu kapteni aliwasikiliza wenzake.

Mwaka huo huo wa 1989, mwezi Juni, ndege ya DC-8 ya shirika la Suriname ilianguka karibu na Paramaribo ikaua watu 176. Kapteni alikuwa na miaka 66 wakati ukomo ulikuwa 60. Sitaki kumbebesha umri mzigo wote, maana wachunguzi walilaumu pia uongozi wa shirika kwa kutofuata kanuni za kuhakiki sifa za marubani iliowaajiri kupitia wakala. Hapo ndipo ninaposimama mimi. Ukomo wa umri hulinda hata pale ambapo mkaguzi amelala, kwa sababu tarehe ya kuzaliwa haihitaji ujuzi kuisoma. Ukiuondoa, au ukiusogeza, lazima uweke mahali pake ukaguzi usiolala, nami bado sijauona.

Kwa hiyo nikiulizwa mjumbe wetu aseme nini, ningemtaka aseme hapana kwa 67 mpaka mtihani wa simuleta kwa waliovuka 60 uwe na sehemu ya lazima ambamo rubani msaidizi anaagizwa kumpinga kapteni, na kapteni anapimwa kwa namna anavyopokea kupingwa. Anayekasirika ashuke, awe na miaka 61 au 45. Hilo halihitaji mashine mpya.

Nina ombi kwako, binti. Muulize baba yako, kwa niaba yangu na ya huyu kijana: katika miaka 40 hiyo, ni mara ngapi rubani msaidizi alimkatiza akiwa amekosea, na ni maneno gani kijana huyo aliyatumia? Akikubali, yaandike hapa kama atakavyoyatamka.