Naomba ushauri: mashine mbili za ngoma haziendi pamoja

Ndugu wanachama, nawasalimu. Mimi na mwenzangu tunapiga nyimbo za utani kwa sintesaiza na mashine za ngoma zilizoundwa kabla ya MIDI (mfumo wa vyombo vya muziki vya kielektroniki kuwasiliana) kuanza mwaka 1983. Tunapoiunganisha Roland TR-606 iiongoze Korg KPR-77, hii ya pili huenda nusu ya mwendo, kwa kuwa ya kwanza hutoa mipigo 24 ya umeme ya kuhesabu mwendo kwa kila noti ya robo ilhali mwenzake husubiri 48. Katika wimbo mmoja hali hiyo ilituchekesha, lakini si katika zote. Tuliongeza mwendo maradufu, Korg ikakaa sawa, Roland ikawa inakimbia. Je, kipo kifaa cha kuzidisha mipigo bila kuichelewesha, au ni afadhali kila mashine ipewe mipigo yake kutoka kigeuzi kimoja cha kugeuza MIDI kuwa mipigo?