Ndugu yangu akizidiwa usiku, niite polisi au nisiite?

DadaKayole: Wadau, mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Akiacha dawa, hapati usingizi, na mara ya mwisho alitoka nje ameshika kisu cha jikoni. Majirani wakaita polisi. Walishuka kwenye Land Cruiser wakipiga kelele "Lala chini!" kwa mtu ambaye tayari anasikia sauti kichwani. Alikula rungu, akalala seli bila dawa, asubuhi naambiwa ni kesi ya kuzua fujo. Nyumbani tuko mimi na mama tu, na yeye ni mrefu kushinda mlango. Ikirudi niite nani?

AfandeMstaafu: Pole dada. Ukipiga 999 ukaanza na "kisu", umeshaita bunduki, nakwambia kama mtu aliyezibeba. Anza hivi: "Ni mgonjwa, ana faili hospitali ya Mathari." Kisu utaje, lakini baadaye. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, Sura ya 248, kifungu cha 16, inampa OCS (mkuu wa kituo cha polisi), inspekta, hata chifu na naibu wake, uwezo wa kumchukua mgonjwa na kumfikisha hospitali ndani ya saa 24. Hospitali, si seli hadi Jumatatu! Pale kituoni chungulia OB, kitabu cha matukio: kama wameandika "fujo", kesho ni korti.

Mtaani_254: Chifu wetu simu huzima saa kumi na mbili jioni 😂

NesiWaZamu: Ndiyo maana mtafute mchana, kabla mambo hayajaharibika. Weka karatasi mlangoni: jina la dawa, dozi, namba ya kliniki. Visu vifungiwe. Akianza, redio izimwe na azungumze naye mtu mmoja tu, polepole. Muulize daktari pia kuhusu sindano ya kila mwezi, maana vidonge wengi huvitema. Na akitaja kujiua, msifiche kwa kuogopa kesi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Msalaba Mwekundu wako 1199, ni bure.

DadaKayole: Asanteni sana. Afande, na wakikataa kuandika "mgonjwa"?

AfandeMstaafu: Omba kumwona OCS mwenyewe, kadi ya kliniki mkononi. Akikukatalia, IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, hupokea malalamiko. Lakini usiende peke yako usiku: nenda na mzee wa Nyumba Kumi, kiongozi wa usalama wa mtaa. Sisi maafande tunaandika vizuri zaidi kukiwa na shahidi.