Riwaya za vijana zimeporwa na watu wazima, na mpwa wangu wa miaka 13 hana cha kusoma

Wakuu, heshima kwenu. Nimekaa na jambo hili wiki nzima, hasira hazijapoa, kwa hiyo nalitoa hapa kama lilivyo.

Nina mpwa wa kike, ana miaka 13. Huyu mtoto ni msomaji. Anasoma akitembea, anasoma akisubiriwa mezani, ukimnyang'anya kitabu ananuna mpaka kesho yake. Hadithi za wanyama wanaoongea alizimaliza zamani. Kazi ya kumtafutia vitabu niliichukua mimi mjomba wake, kwa sababu riwaya za vijana ndizo zilizonilea na mpaka leo nazisoma. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nalaumu nisichokijua.

Jumamosi iliyopita alikuja na daftari. Ukurasa wa mwisho kabisa alikuwa amepiga mistari kwa rula na kugawa safu nne: jina la kitabu, umri wa mhusika mkuu, mama yake yuko wapi, anasoma shule au hasomi. Vitabu 11, vyote nimempa mimi tangu mwaka uanze. Nikasoma safu ya umri kutoka juu kwenda chini: 17, 17, 18, 17, 19, 16, 17, 18, 17, 17, 18. Safu ya mama: "amekufa" mara sita, "hajulikani alipo" mara tatu, "yupo lakini haongei" mara moja, "yupo" mara moja. Kwenye safu ya shule alikuwa amechoka kuandika "hasomi", karibu kote ameweka alama za kurudia tu. Akaniuliza, "Mjomba, kwani watu wa umri wangu hawana hadithi?"

Nilikosa jibu. Na kadiri nilivyozidi kulitafuta ndivyo nilivyozidi kukasirika, maana jibu lipo wazi: wanazo, ila hakuna anayeziandika, kwa sababu siku hizi vitabu hivi haviandikwi kwa ajili yao.

Mwaka 2012 kampuni ya Bowker ya Marekani, inayofuatilia soko la vitabu, ilitoa utafiti kuhusu wanaonunua vitabu ambavyo wachapishaji wenyewe wanasema ni vya umri wa miaka 12 hadi 17. Asilimia 55 ya wanunuzi walikuwa na miaka 18 au zaidi, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la miaka 30 hadi 44. Msikimbilie kusema ni wazazi wanaowanunulia watoto. Waliulizwa, na mara 78 kati ya 100 walisema wananunua wasome wao wenyewe. Taarifa hiyo ilipotoka wengi tulifurahi, eti vitabu vyetu vimeheshimika. Mimi nilikuwa mmoja wa waliofurahi. Sikufikiria kwamba mchapishaji akishajua mwenye pochi ni nani, ataanza kumpikia huyo mwenye pochi.

Na ndicho kilichotokea. Hebu tazameni hiyo 17. Haikuja kwa bahati. Mhusika wa miaka 17 ni kijana kwa jina tu: analala nje wiki tatu bila kuulizwa, anaongoza jeshi, anabusiana na mwana wa mfalme, anapanda meli bila ruhusa ya mtu. Mtu mzima anamsoma bila kujisikia vibaya. Mhusika wa miaka 13 hana anasa hiyo. Yeye ana saa ya kurudi nyumbani. Ana mwalimu asiyempenda. Ana rafiki wa tangu utotoni aliyeanza kukaa meza nyingine ghafla bila kusema kisa. Ana mwili unaobadilika usiku na asubuhi anaamka hajui aufanyeje. Mambo haya kwa mtu wa miaka 35 ni madogo. Kwa aliye ndani yake ndiyo dunia nzima, na huyo ndiye aliyeahidiwa rafu hii ya vitabu.

Wakati fulani ahadi ilitimizwa. S. E. Hinton alianza kuandika The Outsiders akiwa na miaka 15, kikachapishwa 1967 akiwa na 18. Msimulizi wake ana miaka 14. Mnakumbuka balaa lote linaanzia wapi? Mtoto amechelewa kurudi nyumbani. Alipitiwa na usingizi nje akipiga soga na rafiki yake, akafika usiku wa manane, kaka yake mkubwa alikuwa hajalala kwa wasiwasi, wakafokeana, kaka akamzaba kibao, mtoto akatimka. Kila kinachofuata, pamoja na vifo, kinatoka kwenye kibao kile. Mwandishi aliyekuwa bado kijana alijua kwamba kuchelewa kurudi kunaweza kubomoa nyumba.

Mtaniambia wazazi wa mtoto yule nao walikufa. Ndiyo, kwa ajali ya gari. Lakini angalieni mwandishi amekifanya nini kifo kile. Kaka mwenye miaka 20 amegeuka baba kwa lazima, anafanya kazi mpaka anachakaa, na wadogo zake wanajua wakifanya ujinga serikali itawatenganisha. Wazazi hawapo, na kutokuwapo kwao kunaonekana kila ukurasa, mezani, kwenye fedha, kwenye hofu. Vitabu vya siku hizi vinamuua mama ukurasa wa pili ili asije akauliza "unakwenda wapi?" Hata machozi hayakauki vizuri, binti ameshapanda farasi. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu mpwa wangu ana mama, wanagombana karibu kila siku na wanapendana sana, na ugomvi wao huo hajawahi kukutana nao kwenye kitabu hata kimoja kati ya vile 11.

Na asiseme mtu kwamba mzazi akiwepo hadithi inalala. The Hate U Give cha Angie Thomas, cha mwaka 2017, kina binti wa miaka 16 anayeshuhudia rafiki yake akipigwa risasi na polisi. Mama yupo, baba yupo, wadogo kwa wakubwa wapo, wanabishana, wanaogopa, wanakosea, wanamshika mkono. Binti anakwenda shule, na shule yenyewe ni nusu ya tatizo. Kuna mtu aliyekisoma akasema kimelala? Wazazi wale ndio wanaokipa uzito, maana binti ana watu wa kuwapoteza. (Nyie mnaouliza kwa nini sijampa: nilimpa, na ndiyo ile "yupo" moja na ile 16 moja kwenye daftari. Alikisoma mara mbili.)

Tuje kwenye The Hunger Games, maana najua kuna mtu anakitafuta. Kilitoka 2008, mhusika ana miaka 16, na mimi sikilaumu hata kidogo. Kiini cha kitabu kile ni mtoto wa miaka 12, mdogo wake, ambaye jina lake linaingia kwa mara ya kwanza kwenye kura ya kuchagua watoto wa kwenda kuuana, likatoka hilohilo. Mama yupo, amevunjika tangu mumewe afe mgodini, na binti hajamsamehe. Hasira ile ya mtoto kwa mama aliyeanguka wakati anahitajika ni ya kijana kabisa. Lakini walioiga walichukua nini? Walichukua upinde, serikali katili na wavulana wawili wa kuchagua. Mdogo wa miaka 12 wakamwacha nje. Kwa miaka mingi baada ya hapo tulilishwa kitabu kilekile kwa majalada tofauti.

Mapenzi sasa. Sikatai mapenzi kwenye riwaya za vijana na wala sijaja hapa kama mlinzi wa maadili. Judy Blume aliandika Forever mwaka 1975, wanafunzi wawili wanaomaliza shule na mapenzi yao ya kwanza, na hakuruka kitu. Woga umo, aibu imo, kwenda kliniki kutafuta kinga kumo, na ukweli kwamba penzi lenyewe halikudumu umo pia. Ukikisoma unajua anaongea na mtu ambaye hajawahi, anayetaka kujua inakuwaje. Linganisheni na kitabu cha nne kwenye orodha ya mpwa wangu. Binti ana miaka 17, mwanaume ana miaka mia na kitu lakini sura ya kijana, anamfuata kila aendako, anamwamulia nani wa kuongea naye, na kurasa zinatuambia hayo ndiyo mahaba. Mpwa wangu alibandika kikaratasi hapo akaandika kwa penseli: "Huyu mbona anatisha?" Mtoto ameona. Mwandishi, mhariri na mchapishaji, watu wazima wote hao, hawakuona, kwa sababu wao wanaisoma kama ndoto ya mtu aliyekwisha kupenda na kuachwa na anayejua akifunga kitabu yamekwisha. Mtu mzima anasoma mapenzi haya akikumbuka. Wa miaka 13 anayasoma akijifunza.

Hata maneno ya wahusika hawa si ya vijana tena. Kwenye kitabu kimoja wapenzi wawili wa miaka 17 wamegombana, mvulana anamwambia msichana kwamba anatambua maumivu yake, kwamba anaheshimu mipaka yake na anahitaji muda wa kuyatafakari aliyoyasikia. Nilimsomea dada yangu aya hiyo akaniuliza kama hao ni wanandoa walio kwenye ushauri nasaha. Mvulana wa miaka 17 akigombana na mpenzi wake anasema jambo la kipumbavu, anaondoka, anajuta usiku kucha, asubuhi anajifanya amesahau. Kuandika upumbavu ule bila kuudharau ni kazi ngumu, na ndiyo kazi waliyoiomba waandishi.

Unene wa vitabu nao, na hii tabia ya kukata hadithi katikati ili ununue cha pili na cha tatu, nitauachia uzi mwingine.

Najua yatakayokuja. La kwanza, kwamba watoto hupenda kusoma kuhusu waliowazidi umri. Ni kweli, nami nilikuwa hivyo. Wa miaka 13 anapenda kumsoma wa 15. Haya, wa 15 yuko wapi? Rudini kwenye daftari mkamtafute. La pili, kwamba nataka vitabu vizuiwe. Hapana, sijataka kitabu chochote kitolewe popote. Hao mabinti wa miaka 18 wenye majeshi na wapenzi wa karne mbili, waandikwe, wauzwe, na mimi nitavinunua baadhi. Ninachokataa ni kuviweka mahali pa mtoto wa miaka 13 halafu mahali hapo pakijaa aambiwe hakuna nafasi.

Maana mahali pao walishapata. Mwaka 2009 wachapishaji St. Martin's Press wa Marekani waliitisha shindano la miswada ya namna hiyohiyo, iliyo kama riwaya za vijana lakini ya kuuzwa kwa watu wazima wanaoanza maisha, na wakaipa tanzu hiyo jina lake, New Adult. Jina likashika. Sasa kama tanzu ipo na jina lipo, kwa nini bado mnawavisha wahusika wa miaka 20 sare za shule? Ninawaambia wachapishaji na waandishi mlio humu, najua mpo: ongezeni mhusika wenu miaka mitatu kama ndivyo alivyo, mpelekeni anakostahili, na mturudishie miaka 13, 14 na 15.

Halafu sisi wasomaji wazima tujisemee ukweli. Tumekuwa tukisifia, tukitoa nyota tano, tukilalamika kila kitabu chenye mhusika wa miaka 14 kwamba "ni cha kitoto". Nimeona maoni hayo mara nyingi sana, yameandikwa na watu wenye watoto wa miaka 14. Nimeangalia na ya kwangu ya zamani, nimekuta mawili. Nimeyafuta yote mawili.

Sasa ombi, na tafadhali msinijazie majina yaleyale. Nataka riwaya yenye mhusika mkuu wa miaka 13 hadi 15, aliye na angalau mzazi mmoja hai anayeongea, anayekwenda shule na tukaona darasa. Iwe ya njozi, ya upelelezi, ya nyumbani, yoyote ile. Kama unaijua, andika jina la kitabu na umri wa mhusika, na kama umeisoma ukiwa na umri huo, sema. Mpwa wangu anarudi Jumamosi, na ameshapiga mistari kwenye ukurasa mwingine.