Kama sanaa ni lugha ya wote, Venice tulilalamikia nini?

Mzee wa Turubai: Tumezoea kuambiwa kwamba sanaa ya kisasa ni lugha isiyohitaji mkalimani. Ikiwa ndivyo, naomba nielezwe kwa nini mwaka 2015 Wakenya tulipandwa na hasira banda la nchi yetu kwenye maonyesho ya sanaa ya kimataifa ya Venice, Italia, ambako nchi huwa na mabanda yao, lilipojaa kazi za Wachina, huku Kenya ikiwakilishwa na msanii Mkenya Yvonne Amolo na yule Mwitaliano wa Malindi, hadi serikali yenyewe ikalikana banda hilo. Ama tulikosea kukasirika, ama msemo huo ni maneno matupu.

Binti Malindi: "Yule Mwitaliano" ana jina: Armando Tanzini, naye ameishi Malindi kwa miongo mingi. Banda lile silitetei hata kidogo. Ninachouliza ni kwamba mtu huhesabiwa mwenyeji baada ya miaka mingapi, maana hata babu yangu aliletwa pwani na jahazi.

Mzee wa Turubai: Babu yako, Mungu amrehemu, hakupewa banda. Nami sikumtaja mtu kwa rangi yake, kwa hiyo usinivike kilemba kisicho changu.

Binti Malindi: Ulimtaja kwa asili yake, Mzee, nami sioni tofauti iko wapi.

Msafiri: Mambo hayo hayakuanza 2015, banda la 2013 nalo lilikuwa na Wachina tele. Hiyo ya 2015 ndiyo iliyomfanya Michael Soi, mchoraji wa Nairobi, aishike brashi na kuichora aibu ya Venice, na picha zake sisi tulizielewa mara moja kwa kuwa tuliijua kashfa. Lakini kama hoja ni asili, mtajeni pia msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga, akatwaa tuzo ya Turner, ile tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, kisha akateuliwa kuiwakilisha Uingereza hukohuko Venice mwaka 2026. Huyo hatumwiti mgeni kwao wala kwetu. Kila upande unamvuta.

Somo wa Mji Mkongwe: Afadhali umemtaja, kwa sababu kazi zake za kanga zinalijibu swali la mwanzo ambalo mmelitupa. Zina pindo, zina mji, yaani ile sehemu ya katikati, zina jina, yaani ule msemo wa kanga, ila jina limeandikwa kwa Kiingereza. Mtazamaji wa London huliona umbo na kuyasoma maneno, lakini hajui kwamba kanga huvaliwa makusudi mbele ya mtu fulani, naye akaelewa kuwa amesemwa ingawa hakuna aliyefungua kinywa. Picha imevuka bahari. Fumbo limebaki forodhani. Kwangu mimi hiyo ni lugha kweli, tena yenye lahaja, na mwenye lahaja ana haki ya kuuliza ni nani aliyepewa kipaza sauti kwa niaba yake.

Mzee wa Turubai: Hilo nalikubali, isipokuwa neno "mmelitupa", kwani mimi sikulitupa.

Binti Malindi: Nami bado nasubiri idadi ya miaka.