Bweni mkoani Dodoma: maji, jiko, kunguni na tranka. Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada: Wakuu, Kidato cha Tano wanaripoti Julai na wengi wanatoka Pwani. Mnaotengeneza mabomba, mnaopika na mnaolea watoto bwenini, tupeane uzoefu. Sitaki ngano za "enzi zetu", leteni vipimo.

Fundi bomba: Ndoo ya lita 20 kwa kichwa kwa siku ni kipimo cha kubana mkanda: kuoga, kufua kidogo, choo. Bweni la wanafunzi 80 hapo linakula lita 1,600. Simtanki la lita 5,000 likijaa leo, asubuhi ya siku ya nne ni kavu, na umeme ukikatika pampu ya kisima nayo inalala.

Kwa hiyo vuneni mvua. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Dodoma hupata takribani milimita 550 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Bati la mita 8 kwa 20 linatoa lita 88,000. Toa moja ya tano inayomwagika, zinabaki kama 70,000, yaani siku 44 za bweni lile. Tatizo ni pa kuyaweka: mvua moja ya milimita 40 inajaza simtanki lote, zinazofuata zinamwagika. Hapo ndipo tangi la zege linalipa. Mfereji wa bati uinamishwe sentimita 1 kwa kila mita 2, na usafishwe kabla shule haijafungwa. Mvua za kwanza hunyesha wanafunzi wakiwa likizo, vumbi na vinyesi vya ndege vyote vinaishia tangini.

Mpishi: Maji ya visima vingi vya huku ni magumu, maharage yanagoma. Yaloweke tangu jioni, mwaga yale maji, bandika mapya. Chumvi na nyanya viingie yakishaiva. Nyanya ina uchachu unaozuia maganda kulainika. Kwenye makande mahindi yatangulie, la sivyo maharage yatakuwa uji na mahindi bado mawe.

Mzazi: Magadi je, mpishi wetu?

Mpishi: Yanasaidia, ila kidogo sana. Yakizidi chakula kinanuka sabuni na vitamini B inapotea. Bora kuloweka.

Matroni: Kunguni hawaletwi na uchafu tu, wanasafiri na godoro na tranka. Tazama maungio ya dabo deka, mishono ya godoro, nyufa za ukuta. Vitanda vya chuma vimwagiwe maji yanayochemka, shuka zilowekwe kwenye maji ya moto. Kuanika godoro peke yake hakutoshi, wanahamia upande wa kivuli. Dawa nyingi haziui mayai, kwa hiyo rudia baada ya wiki mbili, na bweni zima siku moja. Tranka moja likirukwa, kazi bure. Msitegemee likizo iwaue, kunguni mkubwa anakaa miezi bila kula.

Mwalimu wa malezi: Julai usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, kwa hiyo blanketi zito na sweta ya rangi iliyo kwenye fomu ya kujiunga. Mafuta ya mgando pia, midomo inapasuka. Godoro ni futi 2 na nusu kwa 6, lakini ulizeni shule kwanza, vitanda havifanani.

Mzazi: Na sabuni?

Matroni: Ya unga. Ya mche kwenye maji haya haitoi povu, inaacha utando mweupe kwenye sare. Ndoo iwe na mfuniko, jina lichongwe kwa msumari wa moto. La kalamu ya wino linafutika mapema, na hapo ugomvi wa ndoo unaanza.