Gumzo la majirani, Magomeni: sinia la Jumamosi

Rehema: Shikamooni wakubwa. Wenzangu, za asubuhi? Jumamosi ijayo naomba tupike pamoja chini ya mwarobaini. Si harusi, si arobaini, na mchango wa fedha hakuna. Kila nyumba ilete chakula kimoja cha kwao na mtu wa kukisimulia. Ndiyo kazi yangu ya sanaa ya kumalizia masomo.

Mama Tausi: Marahaba mwanangu. Kupika tutapika. Sanaa yenyewe ni ipi? Utatuchora?

Rehema: Sichori, mama. Sanaa ni kule kukaa kwetu: nani kamenya vitunguu na nani, kipi kimesemwa. Wengine walishafanya. Mwaka 1962 kule London, Alison Knowles alitengeneza saladi kubwa mbele ya watu, wakagawiwa wakala. Kazi nzima ndiyo hiyo. Mwaka 1992 Rirkrit Tiravanija, msanii wa Thailand aliyezaliwa Argentina, alitoa vitu vya ofisi na stoo ya jumba la sanaa New York akavijaza ukumbini, kwenye chumba cha nyuma akapika mchuzi wa Kithai na wali. Aliyeingia alikula bure.

Baba Khalfani: Wali wa bure mbona tunakula kila maulidi, na hakuna aliyetuita wasanii?

Rehema: Hata mimi niliuliza hivyo hivyo, baba. Wale wa New York walizoea kuingia jumba la sanaa wakatazama ukuta kimya, wakaondoka. Chakula kikawakalisha. Sisi sinia tunalo tangu zamani. Lakini mara ya mwisho mtaa huu kukaa sinia moja ni lini? Msibani kwa mzee wa nyumba ya kona. Kabla ya hapo? Msiba vilevile. Nimepita mlangoni kwake miaka sita, shikamoo, marahaba, basi. Kwamba alikuwa fundi saa nimejua siku tuliyomzika, tena kwa mtu niliyekula naye, mkono wake na wangu kwenye pilau moja. Imeniuma mpaka leo.

Mama Tausi: Umesema kweli. Hata mimi nilisikia siku ile ile.

Neema: Mimi naleta mtori. Ndizi nitafuata Mabibo alfajiri. Nimlete na mama mkwe, ndiye anayejua hadithi yake.

Rehema: Aje, wifi! Sinia moja watu wanne, wasitoke nyumba moja. Na simu tuziweke kwenye kapu.

Baba Khalfani: Bila picha mwalimu wako ataamini vipi?

Rehema: Nitaandika yaliyosemwa, kwa ruhusa ya msemaji. Kuna Lee Mingwei, alikuwa mwanafunzi Yale, Marekani, mpweke, akaanza kualika watu asiowajua waje ale nao. Yeye anapika, mgeni mmoja, wanazungumza. Hiyo ni 1997, na bado inatajwa.

Baba Khalfani: Haya. Maturubai na mikeka kwangu.

Bi Mkubwa: Nimesoma yote, mjukuu wangu. Wali wa nazi niachieni mimi. Nazi zisisagwe kwa mashine, zikunwe. Mbuzi yangu ipo, meno yamenolewa juzi. Watoto waje wajifunze: ukikuna ukakaribia gome jeusi, acha, la sivyo wali unakuwa wa kijivu. Tui jepesi linapikia mchele, tui zito linangoja maji yakauke ndipo litiwe.

Rehema: Ahsante bibi. Tukunie wapi?

Bi Mkubwa: Kibarazani kwa marehemu, nitawaomba wanawe. Saa yangu ya ukutani alinitengenezea yeye, akakataa hela, akasema nimpikie wali. Nikampikia, akaja kula na mkewe. Inatembea mpaka sasa. Nitakuja nayo.